Tasi wa Mita Mia Sita

Kazini walimwita Bi Chujio, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lilikuwa limemkaa. Kwa miaka saba kazi yake ilikuwa kuchuja maji ya bahari. Mtaani kwao watu walidhani anayachuja ili yanyweke, na jirani mmoja aliwahi kumletea ndoo ya maji ya bomba yenye kutu amsafishie. Aliyamwagia maua, akairudisha ndoo ikiwa tupu na imesuguliwa. Angemweleza nini? Kwamba maji yenyewe huwa anayamwaga, na anachokitunza ni uchafu?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwendo wa saa tatu kwa meli kutoka bandarini, sakafu ya bahari inapasuka na kuwa korongo lenye kuta za mwamba, linashuka mpaka mita mia sita na ushee. Huko chini hakuna jua, wala hakuna wa kwenda kukaa akahesabu nani anamla nani. Ila kila kiumbe kinachopita majini huacha chake: ute, gamba, kinyesi, kipande cha ngozi. Humo mna vinasaba, na mashine ikivisoma inakutajia aliyepita, kama mama mwenye nyumba anavyoangalia makombo mezani akajua nani kala nini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kituo chao.

Mara moja kwa mwaka meli ilitoka, ikashusha chupa ndefu zinazojifunga zenyewe kwenye kina kinachotakiwa, ikarudi na maji ndani ya masanduku ya barafu. Kuanzia hapo maji yalikuwa mali ya Bi Chujio, kwa wiki tatu nzima. Aliyavuta kwa pampu yapite kwenye chujio jeupe, jembamba kama ganda la kitunguu, kisha akalikunja kwa kibano, akalitia kwenye kichupa, akaliweka friza. Maji ya juu yalipita upesi. Maji ya chini ya korongo yana tope laini linaloziba chujio, na lita mbili za mita mia sita ziliweza kumsimamisha saa nzima kaiinamia pampu.

Usafi wake ulikuwa wa kutisha watu. Klorini ilimbabua vidole mpaka simu yake ikakataa kutambua dole gumba. Glavu alibadili kila chupa. Profesa mmoja mgeni aliingia na kikombe cha kahawa, akatolewa nje yeye na kikombe chake, na siku ya pili aligonga mlango kama mwanafunzi aliyechelewa. Na kila siku, kabla ya kugusa maji ya korongo, Bi Chujio alichuja kwanza lita moja ya maji safi yasiyo na kitu. Chujio hilo waliliita shahidi. Mashine ikikuta samaki kwenye shahidi, basi samaki huyo katoka kwa mchujaji, hakutoka baharini. Kwa miaka saba mashahidi wa Bi Chujio walitoka weupe wote. Daktari, mkuu wa utafiti, aliwaonyesha wageni orodha ile kama mzazi anayeonyesha vyeti vya mwanawe.

Kuna jambo moja tu walilomchekea, nalo ni sweta.

Maji yale huchujiwa kwenye chumba cha baridi, nyuzi joto nne, ili vinasaba visioze. Sweta ya Bi Chujio ilifumwa na binti yake wa pekee alipokuwa shuleni, rangi ya haradali, mkono wa kulia umezidi wa kushoto kwa vidole vinne. Binti mwenyewe, ambaye sasa ni muuguzi nchi ya mbali na hupiga simu Jumapili, alishamsihi mama yake aitupe. Mama hakusikia la mtu. Aliivaa alfajiri jikoni, akaenda nayo kazini, akaivua, na wakati wa kuingia kwenye baridi akaivaa tena, koti jeupe juu yake, na ule mkono mrefu ukawa unachungulia nje ya koti. Alikuwa akiusokota ndani, nao unateleza na kutoka tena. Dereva wa kituo aliuita mkono wa serikali, kwamba unafika kila mahali. Walicheka wote, na yeye akacheka.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa majokofu wa zamani. Mtu mzima yule ndiye aliyewahi kuifungua mota ya chumba kile cha baridi na kukirudishia uhai, na mpaka leo kila mtu, mkewe akiwemo, humwita Fundi. Mwaka mmoja kabla utafiti wa korongo haujaanza, kiharusi kilimchukua upande mmoja. Koo likakataa kila kitu isipokuwa supu nyepesi ya samaki, na samaki mwenyewe awe tasi. Ukimletea mwingine anafunga mdomo kama mtoto. Kwa hiyo kila alfajiri Bi Chujio alisimama kwenye sinki akaparua tasi wawili, akawapasua, akawachemsha, akawachambua miiba mmoja mmoja. Kisha alinawa mikono kwa sabuni mara tatu, akaenda kazini.

Naam, alinawa mikono.

Safari ya kwanza tu, mashine ilisoma jambo lililomfanya Daktari aruke kwenye kiti: tasi, mita mia sita. Tasi ni samaki wa majani, anachunga kwenye maji ya kina kifupi ambako hata mtoto anasimama. Anatafuta nini kule gizani? Safari ya pili, tasi tena. Na kadiri maji yalivyotoka chini zaidi, ndivyo tasi alivyozidi. Daktari akakesha nalo wiki kadhaa, akaibuka na jibu: tasi wanaokufa huko juu hubebwa na mkondo, huteremkia korongoni na kurundikana chini, nao ndio wanaowalisha kamba na ngisi wa vilindini. Ufukwe na korongo wanakula sahani moja.

Hilo halikuwa jambo la vitabuni tu. Meli za kukokota nyavu zilikuwa zimeomba ruhusa ya kulikwangua korongo kutoka mdomoni hadi chini. Sheria ilikuwa inalinda makazi ya tasi, wala haikuwa inajua habari ya kamba wa gizani. Ikithibitika kwamba korongo limo kwenye mlo mmoja na tasi, basi linaingia ndani ya sheria na meli zile zitakaa nje. Ikishindikana, kwisha habari yake. Kamati ilipanga siku ya kusikiliza, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na ushahidi wote wa Daktari ulisimama kwenye mgongo wa samaki mmoja.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, kamati ikataka maelezo ya namna maji yanavyochujwa, kwa maandishi.

"Andika kila kitu, Mama," Daktari alimwambia. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mbili, na hajawahi kumwita vinginevyo. "Hata unavyofungua mlango. Wasipate pa kutushika."

Bi Chujio alikaa kwenye meza yake ya chumba cha nje, akachukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima. Jambo analolifanya mtu kwa miaka saba halijawahi kumpitia kichwani kwa maneno, na alishangaa jinsi lilivyo refu. Hatua ya kwanza, nawa. Ya pili, futa meza kwa klorini. Hatua ya nne, chuja shahidi hapa hapa chumba cha nje, kwa sababu maji safi hayaozi na hayahitaji baridi. Aliendelea hivyo, ametulia, anajionea fahari kidogo. Hatua ya kumi na moja akaandika: vaa sweta, kisha koti, uingie chumba cha baridi.

Kalamu ikasimama.

Alisoma tena hatua ya nne, akarudi kwenye ya kumi na moja. Shahidi alichujwa nje, mchujaji hana sweta. Maji ya korongo yalichujwa ndani, sweta mwilini, mkono mrefu unaning'inia juu ya chujio lililo wazi. Na maji ya chini zaidi ndiyo yaliyomchelewesha zaidi, kwa ajili ya lile tope. Aliutazama ule mkono. Pembeni mwa pindo palikuwa na gamba moja dogo limekauka, linameta kama kucha ya mtoto.

Alikaa pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama afunge madirisha.

Mtu hakubali jambo kama hilo siku hiyo hiyo. Alijiambia anazeeka, anajitafutia balaa. Kesho yake akatoa daftari la safari, maana alijua palikuwa na safari moja ambayo hakuwepo. Safari ya tano. Fundi alikuwa amelazwa, na mkewe alilala kwenye kiti cha wodi wiki tatu, na maji yakachujwa na fundi mitambo wa meli, mtu wa miraba minne aliyelalamika baridi muda wote akiwa na jaketi jipya la kazi. Bi Chujio alishuka na kidole kwenye safu ya tasi. Safari ya nne, tele. Safari ya sita, tele. Safari ya tano, sifuri, kila kina, kutoka juu hadi chini.

Sifuri hiyo haikuwa siri. Daktari alishaitolea maelezo kwamba mwaka ule maji yalipata joto na tasi hawakutoka ufukweni. Alisafiri nayo hadi kwenye mkutano mkubwa, akapigiwa makofi, akarudi na picha.

"Mbona huli?" Fundi alimuuliza usiku ule mezani, kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima.

"Nimeshiba kazini."

"Kazini kwenu hakuliwi. Umesema mwenyewe."

Alimfuta kidevu, akaosha bakuli, akaiangalia sweta iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, jirani kabisa na sinki. Aliifua kila Jumamosi kwa sabuni ya unga. Jumapili alfajiri ilikuwa imerudi kwenye magamba. Aliomba Mungu, na aliomba kitu ambacho hajawahi kukiomba: awe mjinga, awe amekosea, achekwe.

Jumatatu aliukata ule mkono wa kulia kwa mkasi. Aliuloweka saa moja kwenye maji safi, akayachuja hayo maji, akalitia chujio kwenye kichupa, akakiandika themanini na nane bila maelezo, akakipeleka kwa dada wa mashine, yule anayesoma vinasaba, pamoja na vingine. Majibu huchukua siku nne. Siku hizo nne alifanya kazi kama kawaida, alisalimia watu, alipanga chupa. Mara mbili alijikuta kasimama mbele ya friza yenye nusu za machujio yote ya miaka saba. Nusu hizo waliziweka akiba, kwamba likitokea la kutokea wazisome upya. Akiba gani? Ni machujio yale yale, chini ya mkono ule ule.

Ijumaa dada wa mashine alikuja na karatasi, anatabasamu.

"Mama, hii themanini na nane umeitoa sokoni? Tasi kajaa humu mpaka mashine imesema basi."

Bi Chujio alicheka naye, maana hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Alipiga moyo konde Jumatatu iliyofuata. Daktari alikuwa ofisini, suti yake ya kamati imetundikwa kwenye kabati ndani ya mfuko wa dobi.

"Daktari, una dakika?"

"Kwako wewe Mama ninazo hata sita."

Aliweka mezani sweta ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mkono uliokatwa juu yake, na karatasi ya mashine juu ya mkono.

"Tasi wetu huyu hapa," alisema.

Daktari alicheka kwanza. Kisha akasoma karatasi. Kisha akaisoma tena, midomo ikicheza.

"Lakini mashahidi wako ni weupe. Wote."

"Mashahidi nawachujia nje. Bila sweta."

"Na kule chini ndiko wanakozidi."

"Kule chini ndiko kwenye tope. Nasimama saa nzima."

Nje dereva alikuwa anaosha gari na redio imefunguliwa.

"Safari ya tano," Daktari alisema.

"Nilikuwa hospitali na Fundi."

"Nikasema maji yalikuwa ya moto."

"Nakumbuka. Ulinionyesha picha."

Daktari alishika tama. Kwa muda alionekana mtoto kabisa, na Bi Chujio angetoa chochote amfiche mahali.

"Wale kamba na ngisi wapo," alisema Daktari, kama anayejisemea. "Na wale samaki wadogo wenye taa. Wapo kweli, wanakulana kweli. Nitaiambia nini kamati? Tupa tasi, amini waliobaki?" Halafu akamtazama. "Ungeweza kunyamaza, Mama. Mkutano ni Alhamisi. Nani angejua?"

"Ningeweza."

"Kwa nini hukunyamaza?"

Alikunja pindo la mfuko wa sweta.

"Nilimfukuza yule profesa kwa kikombe cha kahawa," alisema.

Alhamisi Daktari alisimama mbele ya kamati na suti yake, akaondoa ripoti yake mwenyewe. Waliokuwepo wanasema mwakilishi wa meli za kukokota alimpa mkono na kumshukuru kwa ukweli wake, kwa moyo safi, bila kejeli, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Baada ya wiki sita ruhusa ikatoka. Kutoka dirisha la juu la kituo waliziona meli zikipita asubuhi, tatu, zimefuatana. Nahodha wa meli yao ya utafiti alipita huko miezi michache baadaye, akashusha chupa moja tu, kwa kujionea. Alimletea Bi Chujio. Nusu glasi ilitosha kuziba chujio. Lilikuwa tope tupu.

Hakumwaga unga; Daktari alikataa katakata afukuzwe. Pengine angefukuzwa ingekuwa nafuu. Watu hawakumcheka wala kumlaumu. Walimpisha tu kwenye korido, kwa adabu, na dereva hakurudia ule utani wake. Jumapili binti akipiga simu aliuliza kama bado anavaa ile sweta, na mama akajibu kwamba ameiacha kazini. Kweli, ilikuwa kazini, ndani ya friza, mfuko umeandikwa themanini na nane.

Mwisho wa mwaka ripoti mpya ikachapishwa, nyembamba, kurasa kumi na moja. Daktari alimletea nakala mezani mwenyewe, akaiweka, akaondoka bila kukaa. Bi Chujio alifungua jedwali. Miaka saba ilikuwa imebaki mstari mmoja: safari ya tano, maji pekee ambayo yeye hakuyagusa. Kamba, ngisi, samaki wenye taa, wote wamepangwa vizuri, nani anamla nani, mchoro safi wa mahali ambapo sasa pamekwanguliwa. Alifungua ukurasa wa mwisho, wa shukrani, ambako kila mwaka jina lake lilikuwa la pili baada ya nahodha. Waliotajwa safari hii walikuwa nahodha na fundi mitambo wa meli, aliyechuja maji kwa uangalifu mkubwa. Alitafuta mara mbili. Kisha akaelewa kwamba Daktari hakufanya kosa. Kwenye kazi hiyo yeye hakuwepo.

Siku hizi anaparua tasi akiwa na glavu. Alianza bila kuamua, alfajiri moja, akachukua jozi kutoka kwenye mkoba, na tangu hapo hakuacha. Anapasua kwa glavu, anachambua miiba kwa glavu, anazibadili, anamlisha Fundi kwa glavu mpya. Fundi alivumilia wiki kadhaa. Juzi alifunga mdomo, kijiko kikiwa hewani.

"Unaogopa ugonjwa wangu?"

"Hapana, Fundi."

"Basi vua. Nilishe kwa mkono wako."

Bi Chujio alikiweka kijiko ndani ya bakuli. Alishika pindo la glavu ya kulia, akalivuta mpaka nusu ya kiganja, ngozi iliyobabuka ikaonekana. Akaitazama. Supu ilikuwa inapoa, na mumewe alikuwa anangoja na mdomo wake umefungwa. Aliivuta glavu ikarudi hadi kwenye kifundo, akachukua kijiko.

"Kula, mume wangu," alisema. "Hivi ndivyo salama."